WAKATI MAHARAGI YANACHEMKA: TUPIKE VIZURI, TUJICHUNGUZE PIA



Mara nyingi katika jarida letu tunawaeleza juu ya malaria, kuhara na usafi wa vyoo. Leo naomba tuingie jikoni, tuzungumze juu ya chakula na juu ya mtu anayekipika.

Mtakubali kwamba hapa kambini saa nyingi za siku zinapita mbele ya moto. Maharagi yakiwekwa kwenye mbabula saa nane, yanaiva saa kumi na moja. Katika saa hizo tatu mtu anafanya nini? Wengine tunasengenya majirani. Wengine tunakaa kimya tukiwaza yaliyotupata: vita, waliokufa, ndugu ambao hatujui waliko, jina ambalo halitoki kwenye orodha ya wanaohamishiwa nchi nyingine. Mawazo yanazunguka, na mara tunasikia harufu ya chakula kinachoungua.

Ninachopendekeza ni kitu kidogo. Wakati ule wa kupika uwe pia wakati wa kujichunguza: mimi ni mtu wa namna gani, jana nilikosea wapi, leo naweza kubadilisha nini. Sisemi kwamba kujichunguza kunajaza tumbo. Hakujazi. Mwaka 2025 mgao wa chakula kwa wakimbizi hapa Burundi ulipunguzwa kwa sababu ya upungufu wa fedha, na mtu asije akakuambia kwamba njaa yako inatokana na mawazo yako. Lakini kwa kile kidogo kinachofika nyumbani, namna ya kukipika, kukihifadhi na kukigawa iko mikononi mwetu. Hapo ndipo nilipojifunza mimi, tena kwa aibu.

KILICHONIPATA MIMI MWENYEWE

Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba na utepe wa kupima mkono wa mtoto, ule ambao wengi mnauita MUAC. Unapima watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Sentimita 12.5 na zaidi ni kijani, mtoto yuko salama. Kuanzia 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni manjano, mtoto ameanza kupungukiwa. Chini ya 11.5 ni nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali na anaweza kufa. Nayajua haya kama ninavyolijua jina langu.

Siku moja wakati wa kiangazi nilirudi nyumbani nimechoka. Nilikuwa nimepima watoto wengi na kuwafundisha mama wengi. Dada yangu mkubwa alikuwa anapepeta mchele wa jirani ili apewe kidogo, na mtoto wake wa miezi 14 amelala mgongoni. Aliniambia, “Wewe unapima watoto wa watu kila siku. Huyu wa kwenu utampima lini?” Nilicheka. Nikatoa utepe, nikapima. Sentimita 12.1. Manjano.

Nilipima mara ya pili nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Usiku ule nilikaa jikoni peke yangu, nikajiuliza ilikuwaje. Njaa ilikuwepo, ndiyo, lakini kulikuwa na mambo mengine yaliyonihusu mimi. La kwanza, mimi na baba tulikuwa tunakula kwanza, katika sahani ya peke yetu, kwa sababu “tunafanya kazi”. Mtoto alikula na kaka zake wakubwa katika sahani moja, na mkono wake mdogo haukuweza kushindana nao. La pili, alikula mara mbili tu kwa siku kama sisi wakubwa, na mara nyingi alipewa bugali na mchuzi, bila maharagi yenyewe. La tatu ni gumu kuliandika. Mwezi uliotangulia mafuta ya mgao hayakupikwa. Mimi ndiye niliyemwomba dada tuyauze, nipate kuongezea pesa ya kununua simu.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimpeleka mtoto kituo cha afya mimi mwenyewe, akaandikishwa kwenye lishe ya nyongeza. Halafu nilianza kupika jioni kwa zamu na dada, jambo ambalo nilikuwa nimeliacha tangu nipate kazi. Humo katika kupika ndimo nilimojifunza mambo matano ninayotaka kuwapa leo.

1. KUCHAGUA

Kabla ya kupika maharagi tunayamwaga kwenye ungo, tunatoa kokoto, udongo, na yale yaliyooza au kuliwa na wadudu. Nafaka au karanga zenye ukungu zitupwe, maana ukungu huo una sumu inayoharibu ini, na kupika hakuiondoi. Usiseme “nitaosha tu”.

Unapochagua, mikono ina kazi lakini kichwa kiko huru. Jiulize swali moja: jana nilisema neno gani ambalo lisingefaa kutoka? Usijitafutie makosa ya mwaka mzima. Moja tu linatosha. Kama ni la kuomba msamaha, mtu huyo pengine yuko mlango wa tatu.

2. KULOWEKA

Maharagi yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva mapema zaidi, na kuni au makala yanabaki kwa siku nyingine. Mwaga maji uliyolowekea, weka maji mapya. Hiyo inapunguza gesi tumboni. Maharagi mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu inayosababisha kutapika na kuhara. Funika sufuria ili moto usipotee.

Kuloweka kunahitaji ukumbuke leo chakula cha kesho. Hapa wengi wetu tumesahau kufikiri juu ya kesho. Tunasema, “Kesho ni ya HCR.” Nami nilisema hivyo. Unapotia maharagi kwenye maji usiku, jiulize: kesho nitafanya jambo gani moja ambalo halingoji ruhusa ya mtu yeyote? Kumfundisha mtoto herufi tano. Kuziba tundu la paa. Kumtembelea mgonjwa. Si jambo kubwa, lakini ni lako.

3. KUVUMILIA

Sisi tuliotoka Uvira, Fizi na sehemu nyingine za Kivu tunapenda sombe, na hata hapa Burundi wanaijua vizuri. Majani ya muhogo yana protini, vitamini na madini, lakini pia yana sumu ya asili inayoitwa sianidi. Yanatakiwa kupondwa mpaka yalainike kabisa, halafu yachemke muda mrefu, mwanzoni bila kifuniko ili sumu itoke na mvuke.

Mihogo michungu yenyewe ni hatari zaidi. Ilowekwe siku tatu au zaidi mpaka ilainike, ndipo ianikwe. Wakati wa njaa au vita watu hufupisha siku hizo. Huko Kongo, hasa Kwango, ugonjwa uitwao konzo umejulikana tangu miaka ya 1930: mtu aliyezoea kula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, tena bila chakula kingine chenye protini, anaamka miguu imepooza, na haina dawa ya kuirudisha. Kama umenunua unga wa muhogo na huna hakika nao, changanya na maji, utandaze tabaka jembamba, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha upike siku hiyo hiyo.

Bibi mmoja wa bloku yetu, tunayemwita Koko, aliniona siku moja napondaponda sombe kwa haraka niende kwenye mkutano. Akaninyang’anya mchi. “Mwanangu,” akasema, “haraka yako watailipa watoto.” Tangu siku hiyo, nikiwa na hasira, naenda kwenye kinu. Naponda, na simjibu mtu mpaka majani yalainike. Mara nyingi nikimaliza, yale niliyotaka kusema yamepungua. Nawe, kama huna kinu, hesabu pumzi kumi za polepole ukiwa unakoroga, kabla ya kumjibu mtoto au mume.

4. KUONGEZA KIDOGO CHENYE FAIDA

Hapa naomba msome polepole. Mwili hauhitaji kushiba tu, unahitaji vyakula vya namna mbalimbali. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wanakula hasa mahindi. Karanga za mgao zilipokosekana kwa miezi kadhaa, watu zaidi ya 17,000 walipata ugonjwa wa pelagra: ngozi inababuka sehemu zinazopigwa na jua, mtu anaharisha, akili inachanganyikiwa. Walikuwa na mahindi. Walichokosa ni vitamini moja iitwayo niasini, ambayo karanga zilikuwa zinawapa.

Kwa hiyo kila mlo, jaribu kuongeza kitu kimoja juu ya bugali na maharagi:

- Majani: lengalenga, matembele, majani ya maboga au ya maharagi. Yaoshe kabla ya kuyakata, uyapike muda mfupi (sombe peke yake ndiyo inayopikwa muda mrefu). Gunia moja la udongo na samadi mlangoni linaweza kukupa majani mara kadhaa kwa mwezi, na maji yaliyooshea mboga yanaweza kutumika kulimwagilia.
- Ndagala: hata kiganja kimoja. Wanaliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo wana protini na madini ya mifupa na damu.
- Nyanya au limau: yanausaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharagi na majani, yanayoongeza damu. Chai inafanya kinyume. Usinywe chai pamoja na chakula, ngoja kama saa moja. Hii ni muhimu hasa kwa mama wajawazito.
- Mafuta: vitamini A ya majani haiingii vizuri mwilini bila mafuta kidogo. Usiyaunguze mpaka yatoe moshi.
- Chumvi yenye madini ya joto: inazuia rovu na inasaidia ubongo wa mtoto aliye tumboni. Itie karibu na mwisho wa kupika, uihifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Lakini isizidi.

Swali la hatua hii ni hili: katika nyumba yangu ni nani anaongeza kitu kidogo ambacho sikioni? Nilipojiuliza hivyo, nilimwona dada. Alikuwa anaamka kuteka maji kabla ya jua, na mimi nilikuwa naoga nayo kila siku bila kusema asante.

5. KUGAWA

Kugawa ndiyo hatua ngumu kuliko zote, kwa sababu hapo moyo unaonekana. Chakula kikiwa kidogo, nani anapata cha chini cha sufuria? Mara nyingi ni mama, na binti aliyepika. Katika desturi zetu wanaume na wageni wanaheshimiwa kwa nyama na kwa sahani kubwa. Sipingi heshima. Lakini mwili wa mama mjamzito au anayenyonyesha unahitaji zaidi ya kawaida, na mtoto mdogo hawezi kungoja.

Nilimwambia baba kilichotokea. Nilidhani atakasirika. Alinyamaza, halafu akauliza, “Sahani ya mtoto iko wapi?” Hatukuwa nayo. Siku iliyofuata alikata kibuyu, akakilainisha, akachoma alama pembeni. Mtoto sasa ana sahani yake, na ukiitumia kwa kitu kingine anapiga kelele.

Swali: jana katika nyumba yetu ni nani alikula kidogo kuliko wote, na ni nani aliamua hivyo?

MLO MMOJA WA KUJARIBU (watu 6)

Vinavyohitajika: maharagi vikombe 3 vilivyolowekwa usiku, ndagala wakavu kiganja kimoja au viwili, lengalenga mafungu 2, nyanya 2, kitunguu 1, mafuta vijiko 3 vya mezani, chumvi kidogo, limau kama lipo.

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama sabuni imekwisha, tumia majivu safi.
2. Chemsha maharagi kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, halafu punguza moto, funika, yaive mpaka yabonyee kwa vidole viwili.
3. Chambua ndagala, uwaoshe kwa maji ya vuguvugu kutoa mchanga.
4. Kaanga kitunguu na nyanya kwenye mafuta, tia ndagala, koroga dakika chache.
5. Tia maharagi na mchuzi wake kidogo. Yakichemka, tia lengalenga zilizooshwa na kukatwa. Acha dakika 5 tu.
6. Tia chumvi. Epua, kamulia limau.

Kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi: kabla ya chumvi, toa maharagi, majani na ndagala aliyepondwa, saga kwa mwiko mpaka viwe laini, ongeza mafuta kidogo. Kiwe kizito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Mchuzi mtupu haumjengi mtoto. Kabla ya miezi 6 apewe ziwa la mama peke yake, hata maji asipewe. Kuanzia miezi 6 mpaka 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mpaka 23 ale mara 3 au 4, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Akiwa mgonjwa aendelee kulishwa kidogo kidogo, mara nyingi.

MASWALI TUNAYOULIZWA

“Nina maharagi tu, sina kingine. Nijichunguze nini?” Uko sahihi kuuliza. Kwanza njoo umwone mhamasishaji wa bloku yako. Kama mtoto, mama mjamzito au mzee amekonda, tutampima na kumpeleka panapostahili. Kujichunguza ni kwa ajili ya kile tulicho nacho, si kwa ajili ya kujilaumu kwa kile tusicho nacho.

“Mimi ni mwanaume, jikoni si mahali pangu.” Ndugu yangu, wanaume wangapi hapa wanaishi peke yao na watoto? Moto hauulizi jinsia. Na kama hupiki, unaweza kuteka maji, kuchagua maharagi, na kumlisha mtoto wakati mama yake anapumzika.

“Nikikaa peke yangu nafikiri mabaya tu, nalia.” Wengine wetu tuliyoyaona ni mazito kuliko maswali ya jikoni. Basi usikae peke yako. Pika pamoja na jirani, mchangie moto mmoja, hata makala mtaokoa. Kama kwa wiki mbili au zaidi hulali, huna hamu ya chakula, huoni faida ya kitu chochote, au umefikiri kujiua, nenda kituo cha afya umwone mshauri wa mambo ya kisaikolojia. Usione aibu. Mwambie mhamasishaji naye atakusindikiza. Hatutangazi siri za watu.

DALILI ZA KUKIMBILIA KITUO CHA AFYA

Mpeleke mtoto siku hiyo hiyo ukiona: utepe uko manjano au nyekundu, miguu yote miwili imevimba, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo, amekataa kunyonya au kula, anatapika kila kitu, anaharisha damu, ana degedege au amelegea haamki vizuri. Usingoje siku ya kliniki.

KWA KUMALIZA

Mtoto wa dada yangu alipimwa tena baada ya wiki kumi. Sentimita 12.7, kijani. Dada alicheka, akasema sasa nimeanza kuwa mhamasishaji. Sijui kama alitania.

Simu bado ninayo. Naitumia kuwajulisha wenzangu siku za chanjo. Sikuiuza, maana kuiuza kusingerudisha mafuta ya mwezi ule. Lakini kila siku ya mgao, dada akileta chupa ya mafuta nyumbani, naipokea mimi na kuiweka mwenyewe juu ya rafu, na mpaka leo haijauzwa tena.

Ndugu msomaji, jioni ya leo, moto ukiwaka na maharagi yakianza kuchemka, chagua swali moja kati ya yale matano. Moja tu. Ujijibu kweli, maana hakuna anayekusikia. Halafu gawa chakula, ukianza na mdogo kuliko wote.

Tuonane bloku kwa bloku. Mpike salama.